Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Ozi nao ni mto

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum kutoka hapa Majengo, Mombasa. Najua meza yako imejaa makaratasi ya mabwawa, mimi nakuandikia kuhusu mto mdogo ambao wengi kwenye ramani hawauoni, Ozi, ule unaoingia baharini Kipini.

Watu husema Tana inaingia baharini Kipini na ni kweli, lakini ule mlango mwanzo ulikuwa wa Ozi. Tana yenyewe ilikuwa ikimwaga maji kusini zaidi, mpaka karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni wa kupitisha mashua, mafuriko yakaupanua, mto mkubwa ukahamia kwa mdogo. Yaani mgeni kachukua nyumba. Sasa watu wamemzoea mgeni, mpunga na maembe vyote vyamtegemea yeye, na nyinyi huko juu ndio mkaanza kumfungia maji, bwawa la Kindaruma 1968, Masinga 1981, na bado twasikia mwataka bwawa jengine.

Kule chini ni tambarare, bahari ikijaa maji yanapanda mtoni mbali sana. Wazee wa kijiji cha Ozi walijua kulitumia hilo, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likija bahari inasukuma juu yale maji matamu ya mto, wao wanafungua mitaro, mpunga unakunywa bila pampu wala dizeli. Lakini mto ukipungua nguvu kinachopanda ni chumvi yenyewe. Siku hizi mtu achota kwa kiganja aonje kwanza ndio afungue mtaro, akikosea basi msimu umekwenda. Sisi huku maji ya kisima twayajua, sabuni haitoi povu, ila sisi twamwita muuza maji wa mkokoteni, mpunga utamwita nani?

Sisemi mbomoe mabwawa, stima twatumia sote. Naomba kiangazi mkipanga kufungulia maji muangalie na mwezi, yafike kule wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Pia mpime chumvi pale vijijini Ozi na Kau, sio kuhesabu maji Garissa halafu mseme mto uko sawa, Garissa kuna bahari gani? Delta hii serikali yenyewe iliiingiza Ramsar, orodha ya dunia ya ardhi oevu za kulindwa, 2012, hakuna aliyewalazimisha.

Na kabla hamjasaini chochote njooni muonje wenyewe. Msije masika lakini, masika maji ni matamu mtasema twasingizia. Njooni Februari, kaskazi ikivuma.