Mipini ya visu inayopasuka kiangazi, na kwa nini siku hizi tunaitengeneza kwa nguo kuukuu

Mvua zikishakatika, kuanzia mwezi wa tano hivi, visu huanza kuletwa hapa karakana kwetu Kizota, Dodoma, kimoja baada ya kingine. Makali hayana neno. Tatizo ni mpini: mbao imepasuka kwenye pini, ile misumari inayoushikilia mpini kwenye chuma, au imeachana na chuma, ukabaki mwanya ambao damu na mafuta ya nyama huingia na kugandia humo humo. Wengine huja navyo vimezungushiwa mpira wa tyubu. Hao aghalabu ni watu wa mabucha na wachoma nyama wa mnadani Msalato, ambao kisu hakiwatoki mkononi kutwa nzima.

Lawama hutupiwa fundi aliyekitengeneza, na mara nyingi anaonewa. Mbao hunywa unyevu wa hewani ikavimba, hukauka ikasinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Chuma hakina habari hiyo. Sasa chukua mpini uliochongwa Kilwa au Dar es Salaam kwenye hewa ya pwani, ulete Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama mm 500 hadi 600 na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Mbao inataka kusinyaa, pini zimeishikilia, basi inachanika. Hata mpingo, ambao watu huuapia, haujasalimika. Ni mzito kiasi kwamba hata ukiwa mkavu huzama majini, na ugumu huohuo ndio unaofanya ukauke polepole mno, nje ukitangulia na ndani ukibaki nyuma. Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Kwa hiyo tumeongeza mipini ya kitambaa na epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya makopo mawili. Si uvumbuzi wetu. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alifanikiwa kutengeneza plastiki ya Bakelite, na miaka michache baadaye kampuni ya Westinghouse ikawa inalowesha karatasi na vitambaa kwenye rezini ya aina hiyo, yaani plastiki ikiwa bado majimaji, inavibana kwa joto, inapata kitu kigumu cha kukingia umeme. Wakakiita Micarta. Fomaika ya kwenye meza za hoteli ni ndugu yake wa karibu. Walioanzisha kampuni yake mwaka 1913 walikuwa wametoka hukohuko Westinghouse. Watengeneza visu nao wakaipenda Micarta kwa sababu haijali masika wala kiangazi. Ile ya kiwandani huivishwa kwa joto kali chini ya mashine ya kubana. Yetu hutumia epoksi inayoganda yenyewe bila moto, na klampu, na kwa sababu hiyo ina mipaka ambayo nitaieleza huko mbele.

Kila kitu huanza na kitambaa. Tunataka pamba, kwa sababu pamba inakunywa gundi mpaka ndani ya uzi. Poliesta gundi huipaka juu tu, na baada ya muda tabaka huanza kubanduka. Mitumbani lebo hutazitegemea, nyingi zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kiberiti. Zikiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka, hiyo ni pamba. Zikijikunja, zikayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, irudishe nguo kwenye fungu. Suruali nyingi za jinzi za kisasa zina mchanganyiko wa nyuzi za kuvutika. Tafuta zile nzito za zamani zisizonyumbulika. Khanga ya pamba inafaa, ila ni nyepesi, inataka tabaka nyingi. Kitenge hupendeza kuliko vyote, maana ukiupiga mpini msasa rangi za ndani hujitokeza kwa mistari inayozunguka. Gunia la katani au la juti hutoa nyuzi nene zinazoonekana, na mkono haupotezi mshiko hata ukiwa na mafuta. Shuka za kimasai za sokoni, zile nyekundu za wafugaji, nyingi si pamba. Mteja akizitaka sana tunachoma uzi mbele yake ajionee.

Kitambaa kipya hakiendi kazini hivihivi. Kina dondo, na dondo inazuia gundi kupenya. Kifue kwa sabuni ya kawaida, usitie manukato ya kulainishia nguo, kikauke kabisa.

Wanaotaka kujaribu wenyewe nyumbani hatuwafichi kitu. Kata vipande vya sm 16 kwa 10 hivi. Tabaka kumi za jinzi nzito, zikishabanwa, hutoa unene wa mm 7 au 8, unaotosha upande mmoja wa mpini. Andaa mbao mbili zilizonyooka, uzifunike kwa nailoni ya kawaida, kwa kuwa epoksi haishiki kwenye nailoni hiyo. Vaa glavu. Epoksi mbichi ikikugusa mara kwa mara mwili unaweza kuanza kuikataa kwa vipele na muwasho, na ukishafika hapo hali hiyo hairudi nyuma.

Halafu upimaji. Epoksi huja makopo mawili, gundi na hadena, ile ya kuigandisha, na kipimo kimeandikwa kwenye kopo, ama kwa uzito ama kwa ujazo. Kikiwa cha uzito, usipime kwa ujazo, wala kinyume chake. Mafundi waliozoea rezini ya fibaglasi, ile yenye harufu kali, huongeza hadena kidogo ili iwahi kukauka. Kule wanaweza kuponea, kwa sababu dawa ile ni kichocheo tu. Kwenye epoksi hadena ni sehemu ya gundi yenyewe: ukiizidisha inabaki ziada isiyo na mwenzake, na mpini unakuwa laini, unanata wiki nzima.

Joto nalo. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya muda ulio nao kabla haijaganda. Mchanganyiko ulioachwa ndani ya kopo refu saa nane mchana wa Oktoba hujipandisha joto wenyewe mpaka ukafuka moshi na kopo likalainika. Sisi tunachanganya alfajiri, kidogo kidogo, na kuumwaga kwenye trei pana ili joto litoke. Kila kipande unakichovya na kukikanda kwa vidole mpaka rangi yake iwe moja, kimekolea, bila doa jeupe. Panga, weka mbao ya juu, kaza klampu kwa awamu. Gundi ya ziada itachuruzika pembeni. Usikaze mpaka uikamue yote.

Saa 24 inatosha kufungua klampu. Kukata ni jambo jingine. Tunaiacha wiki nzima.

Ukikata, angalia ule ukingo. Dondoshea tone la maji juu yake. Likikaa limesimama, kazi ni nzuri. Likitambaa ndani na kuacha alama nyeusi, kuna tabaka halikunywa gundi, na kipande hicho hakifai kwa kisu cha nyama hata kikipigwa msasa kikang'aa. Ukinunua mpini wa aina hii popote, hata si kwetu, fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Msasa tunausugua kwa maji, kuanzia namba 120 mpaka 600, na barakoa usoni, kwa kuwa vumbi lake si la kuvuta. Pini ni za shaba.

Mipaka niliyoitaja ni hii. Epoksi iliyoganda bila moto huanza kulegea ikifika nyuzi 50 au 60, kwa hiyo usikilaze kisu ukingoni mwa jiko la mkaa na usikichemshe. Anayechemsha visu vyake kila siku aseme mapema. Huyo mpini huu haumfai na hatutamuuzia.

Kisu kiletwe kimeoshwa, na uje mwenyewe, tupime kiganja chako. Ukiwa na nguo yako unayoitaka iwe mpini, overoli ya kazini au khanga ya mama, ilete ikiwa imefuliwa. Tutaichoma uzi kwanza. Kazi huchukua takriban siku kumi na haiharakishwi kwa kuongeza pesa. Wenye mabucha, visu vya Idi na Krismasi vileteni mapema, kimoja kimoja, msibaki bila cha kukatia.