Barua kwa sahibu yangu wa Voi: yale uliyoyaita makontena

Chicago, Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mama mpe mkono wangu, na umwambie zile mbaazi kavu zilifika salama, nimeshazipika mara mbili.

Ama baada ya salamu. Picha kumi nilizokutumia mwezi uliopita ulizijibu kwa sentensi moja: "Hizo si treni, ni kontena zilizotiwa madirisha." Nimekaa na maneno yako wiki tatu. Sikukasirika. Ila nimeona nisikujibu kwa simu, kwa sababu jambo hili nalipenda mno, nawe kwenye simu huna subira. Kwa hiyo kaa kitako usome.

Najua ulitaka nini. Ulitaka zile pua za mviringo za General Motors, vichwa vya E na F vya miaka ya 1940 na 1950, vinavyompendeza hata mtu asiyejua treni. Ni vizuri kweli, sikatai. Lakini nilipofika huku na kamera yangu, vile nilivikuta kwenye makumbusho, vimepakwa rangi mpya, vimefungiwa kamba. Hivi vya bapa nilivikuta kazini, vikivuta watu wanaorudi nyumbani wakiwa wamechoka. Hapo ndipo moyo wangu uliponasa.

Kumbuka tulipokuwa tukikaa kwenye tuta pale Voi, tukiingoja treni itokee upande wa Tsavo. Kichwa kilikuwa cha daraja la 93, kazi ya General Electric. Injini yake ilikuwa kwenye sanduku jembamba katikati, na pande zote mbili kulikuwa na njia ya kupita yenye vyuma vya kushikilia, na mara nyingine utingo alipita pale nje akatupungia mkono. Wewe ndiye uliyesema ile ni baraza ya treni. Basi shika baraza hiyo hiyo. Fikiria mwenye nyumba ameamua kuizungushia mabati hadi ukingoni kabisa, akafunika juu, baraza ikawa ukumbi wa ndani. Nguzo na msingi ni vile vile, na mabati hayabebi kitu isipokuwa kuzuia mvua na upepo. Kichwa cha namna hiyo ndicho nilichokupigia picha. Wenyewe hukiita "cowl", neno la kofia ya joho la mtawa. Mimi naita gamba.

Zile pua za mviringo haziko hivyo. Kuta zao zina mifupa ya chuma ndani, na mifupa hiyo husaidia kubeba uzito wa mashine, kama mbavu za jahazi. Kwenye kichwa cha gamba mzigo wote uko juu ya chesi, yaani fremu ya chini, na ukuta ni ngozi tu. Shika neno hilo "ngozi", kwa sababu picha zangu zote zimesimama juu yake.

Mambo yalianzia kwa kampuni ya reli ya Santa Fe mwaka 1967. Treni zao za abiria zilikuwa na sifa nchi nzima, na hawakutaka kuziongoza kwa kichwa chenye baraza wazi kama cha kuvutia makaa. Wakaagiza vichwa vipya vilivyovishwa gamba: sita vya General Electric, na tisa vya General Motors vilivyoitwa FP45, vyenye silinda 20 na nguvu za farasi 3,600. Faida haikuwa sura peke yake. Fundi aliweza kutoka kwa dereva akaifikia injini treni ikiwa mbioni, bila kupigwa na theluji. Hasara nayo ipo: dereva akitaka kutazama nyuma, ukuta unamziba. Wakanada walilishughulikia hilo baadaye. Mhandisi wa kampuni ya reli ya Canadian National, William Draper, alilipunguza gamba upana nyuma ya chumba cha dereva, likawa na kiuno. Canadian Pacific walinunua 25 vya umbo hilo mwaka 1988, vyekundu tupu, na wapenzi wa treni wakavibandika jina la mabanda mekundu. Nina hamu ya kwenda kuviwinda siku moja. Leo tubaki Chicago.

Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, nalo lilichukua gamba. Mwaka 1973 na 1974 lilipokea vichwa 150 vya SDP40F, vikubwa, vyenye boila ya mvuke ya kupasha mabehewa joto. Havikukaa sana. Vilianza kuacha reli mara kwa mara, na watu wakagawanyika kuhusu chanzo: wengine walilaumu bogi, yaani fremu zinazoshika magurudumu, na uzito wa maji ya boila, wengine reli zenyewe. Badala yake kikaja kitu kifupi zaidi, F40PH, chenye mihimili minne ya magurudumu na nguvu za farasi 3,000. Hicho ndicho ulichokiita kontena.

F40PH haina boila. Injini ile ile inayovuta treni huzungusha pia jenereta ya taa na joto la mabehewa. Huku umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, na ili mapigo hayo yasiyumbe, injini ilibidi ikae mizunguko 893 kwa dakika bila kupungua, hata treni ikiwa imesimama stesheni watu wanapanda. Ni karibu kasi yake ya juu kabisa. Nilipovisikia mara ya kwanza nilidhani dereva amekosea. Kichwa kimetulia kama mti, lakini kinanguruma kama kinapanda mlima na mabehewa ishirini. Kifua chako kinatetemeka. Picha haina sauti, lakini ukijua sauti hiyo unakipiga picha kichwa kilichosimama tofauti na unavyopiga kilicholala. Unatafuta moshi mwembamba juu ya paa na hewa ya moto inayotikisa mandhari nyuma yake.

Mahali pangu ni La Grange, kitongoji cha magharibi kwenye njia inayotoka Chicago kwenda Aurora. Reli ni tatu sambamba, na treni ni nyingi hivi kwamba wenyewe wanaiita uwanja wa mbio. Kilichonifanya nipachague ni hiki: kilomita chache kusini yake, pale McCook, ndipo kilipokuwa kiwanda cha General Motors kilichounda vichwa hivi. Kazi ya kuunda ilihamia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990. Metra, shirika la treni za vitongojini, ndilo lililopata F40 za mwisho kabisa, 30 zenye uso ulioinama mbele kama gari la watalii la kulala, na watu wakaziita Winnebago kwa jina la magari hayo. Kwa hiyo jioni ninaposimama pale, kinachonipita ni mtoto wa pale pale, anapita karibu na mlango wa nyumba alimozaliwa.

Sasa mwanga. Treni za Metra hazigeuzwi. Kichwa hukaa upande ulio mbali na mjini, kwa hiyo asubuhi treni ikiingia Chicago kichwa kiko mkiani kinasukuma, na jioni ikitoka ndicho kinachoongoza. Njia yenyewe inaelekea magharibi. Unaona ninachokifuata? Saa ya watu kurudi kazini, kichwa kinalikimbilia jua uso kwa uso. Mwezi wa Juni huku jua huzama saa mbili na nusu usiku, usishangae, na kuanzia saa kumi na mbili jioni linakuwa kaskazini kidogo ya njia. Nikisimama upande wa kaskazini, pua inawaka yote, na ubavu unapata mwanga wa kupapasa, mwanga unaopita juu ya bati bila kuligonga.

Na hapo ndipo ngozi inaposema. Kwa sababu ubavu haubebi mzigo, umetengenezwa kwa bati jembamba, na bati jembamba lililofanya kazi miaka thelathini au arobaini halibaki nyoofu. Saa sita mchana utaliona bapa kama ulivyoliona wewe, kontena. Saa moja kasoro robo jioni, kila wimbi lake linajitokeza. Unaona mahali fundi alipolifungua na kulirudisha, kipande kilichobadilishwa ambacho rangi yake haijachakaa sawa na jirani zake, mistari ya kulehemu, mabonde madogo chini ya nyavu za kupitishia hewa. Picha zako kumi nilizipiga saa tisa mchana. Hilo ni kosa langu, na ndiyo sababu hasa ya barua hii: nilikutumia picha mbaya za kitu kizuri, ukakihukumu kitu.

Nimejifunza pole pole. Rangi ya fedha hurudisha mwanga wote. Ukiiachia kamera ijiamulie, ubavu unakuwa mweupe kama karatasi na mawimbi yote yanapotea. Napima mwanga kwenye pua, kisha napunguza kidogo. Kasi ya kamera naweka sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde treni ikija moja kwa moja. Ikipita mbele yangu nashuka mpaka sehemu 1 ya 60 na kuzungusha kiuno pamoja nayo, miti inakuwa michirizi na kichwa kinabaki kimesimama. Katika thelathini za namna hiyo hupata moja. Miguu yangu haitoki kwenye jukwaa au njia ya waendao kwa miguu, hata kama picha bora iko hatua tatu mbele. Pana reli tatu pale, na treni moja huficha mlio wa nyingine.

Jumanne ya wiki iliyopita nilitoka kulala mapema, kwa kuwa kazi yangu ya ghala huanza usiku, nikafika La Grange saa kumi na moja na nusu. Mbingu haikuwa na wingu hata moja, jambo adimu mwezi huu. Nilimngoja mmoja wa zile Winnebago kwa saa nzima na zaidi. Nikamwona kwa mbali, taa zake tatu, pua yake imeshika rangi ya dhahabu. Nikainua kamera. Papo hapo reli ya karibu yangu ikajaa treni ya mizigo inayokwenda mjini, kontena za kweli kweli sasa, ghorofa mbili, behewa baada ya behewa. Kati ya behewa na behewa niliona vipande vya dhahabu vikipita upande wa pili, sekunde moja moja. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu na kamera ya filamu alishusha yake, akaniwekea mkono begani, hakusema neno. Mizigo ilipokwisha, reli zilikuwa tupu. Siku ya pili nilirudi, nikaipata. Ndiyo hiyo niliyoiweka ndani ya bahasha hii, nimeichapisha kwenye karatasi ili usiitazame kwenye kioo cha simu. Itazame dirishani, asubuhi, na uanze na ubavu kabla ya uso.

Pia nilikwenda mahali paitwapo Union, saa moja na kitu kwa gari kaskazini-magharibi ya hapa, kwenye Makumbusho ya Reli ya Illinois. Wanayo FP45 moja ya Santa Fe, namba 92, mmoja wa wale tisa wa kwanza. Imevaa nyekundu na fedha, mchoro wa kofia ya manyoya ya vita uliobuniwa miaka ya 1930 na ambao Santa Fe waliurudisha mwaka 1989 wakianzia na vichwa hivi hivi vya gamba. Nilikaa nayo mchana kutwa. Niligusa bati lake. Ni jembamba kuliko unavyodhani.

Haraka yangu inatokana na jambo moja. Metra wameanza kuleta vichwa vingine, namba 500 na kuendelea, vilivyofanyizwa upya kutoka kwa vichwa vya mizigo, na hivyo vina baraza nje kama 93 yetu. Wewe utavipenda. Mimi nahesabu F40 ninazoziona kila wiki na kuandika namba zake kwenye daftari. Ningependa kila moja iliyobaki niipate jioni moja yenye mwanga mzuri, hata mara moja tu.

Nawe nina ombi kwako. Treni ya abiria ya Madaraka inayopita hapo Voi tangu 2017 inavutwa na DF11 za Kichina, nazo ni sanduku refu lililofunikwa ubavu hadi ubavu. Si jamii moja na hizi za huku, lakini umbo lina undugu. Najua hujawahi kuipiga picha hata moja, kwa sababu unailaumu kwa kuifukuza treni yetu ya usiku. Tafadhali nenda siku moja tu. Ichague ile ya alasiri inayopanda kwenda Nairobi, jua likiwa mbele yake, usimame nje ya ua upande ulio na mwanga, udongo mwekundu uonekane chini ya magurudumu. Tazama ubavu wake unafanya nini.

Ikitoka na waya wa ua mbele, usiifute. Nitumie hivyo hivyo.

Ni mimi sahibu yako,
wa tuta la Voi