Maswali bungeni yaulizwe kwa namna ya kujibika

Mhariri,

Kipindi cha maswali ni kifupi, na sehemu kubwa huliwa na maswali yaliyoandikwa vibaya. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema ili wizara itafute takwimu. Mbunge akibebesha swali moja barabara, maji na umeme, waziri hujibu lililo jepesi, mengine yakapotea. Aulize jambo moja: fedha kiasi gani zilitolewa, lini, kazi imefika wapi.

Uzito wote, kwa kweli, uko kwenye swali la nyongeza, linaloulizwa papo hapo baada ya waziri kujibu, kwa kuwa hapo jibu lililoandaliwa halitoshi. Inasikitisha kuona wengi wakianza na pongezi hadi Spika anawakatiza swali halijatoka. Sentensi mbili zinatosha. Waziri akisema "mchakato unaendelea", aulizwe tarehe ya kukamilika. Ahadi yenye tarehe ikishaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kamati ina cha kufuatilia.

Mwaka 1997 Uingereza iliunganisha vipindi viwili vya dakika 15 vya kumhoji Waziri Mkuu kuwa kimoja cha dakika 30, kila Jumatano. Dakika hazikuongezeka, ila hoja moja sasa yaweza kubanwa kwa maswali mfululizo.

Mfuatiliaji wa shughuli za Bunge