Goti la panya liliharibiwaje?

Mhariri,

Makala ikisema dawa fulani ya ostioathritisi ya goti (ugonjwa wa kulika kwa gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa) "imefanya kazi kwa panya", msomaji hajaambiwa kitu bado. Goti hilo liliharibiwaje, na dozi ya kwanza ilitolewa siku gani?

Njia inayotumika sana ni kukata kano inayoishikilia meniska ya ndani (kipande cha gegedu kilicho kati ya mifupa ya goti) kwenye muundi, kwa vipanya dume wa wiki 10 hadi 12. Meniska ikishahama mahali pake, uzito hulemea eneo dogo la gegedu, na kufikia wiki ya 8 vidonda huonekana. Gegedu lenyewe halifiki hata nusu milimita kwa unene. Ncha ya kisu ikiligusa tu, mkwaruzo utahesabiwa baadaye kuwa ni ugonjwa. Ndiyo maana wanyama wa kulinganishia nao wafunguliwe goti, kano ionekane, kisha lishonwe bila kukatwa kitu. Goti la pili la mnyama yuleyule halitoshi, maana akichechemea hulielemea.

Sindano ya kemikali ya monoiodoasetati ni habari nyingine kabisa. Miligramu 1 au 2 katika goti la panya mkubwa huzizuia seli za gegedu kuvunja sukari. Zinakufa, na maumivu huanza siku chache tu baadaye. Kwa kupima dawa za maumivu, inafaa. Ila kudai kwa njia hii kwamba dawa inazuia ugonjwa unaomla mtu kwa miaka ni kupotosha wagonjwa, na hilo linatuuma.

Maabarani nako huharibika mengi. Asidi kali ya kuondolea chokaa kwenye mfupa hufifisha safranini, rangi inayotiwa ili gegedu lionekane kwa darubini, na gegedu lenye afya likaonekana bovu. EDTA, kemikali nyingine ya kuondolea chokaa, ni ya polepole lakini salama. Anayetoa alama za uharibifu asijue slaidi (kipande chembamba cha goti cha kutazamwa kwa darubini) ni ya kundi lipi. Slaidi kumi za goti moja ni mnyama mmoja, si kumi.

Jike huachwa kwa kuwa upasuaji huu huwadhuru kidogo kuliko dume, ilhali kwa binadamu wanaougua zaidi ni wanawake waliovuka miaka 50. Simbilisi wa aina ya Dunkin Hartley, jike na dume, huugua wenyewe bila kisu. Ni wa kusubiriwa miezi, lakini wanastahili nafasi.

Dawa iliyoanzishwa siku ya upasuaji imejaribiwa kama kinga. Iliyoanzishwa wiki ya 4 au baadaye ndiyo inayomkaribia mgonjwa anayekuja tayari anaumwa. Makala isiyotaja siku hiyo, tunaomba irudishwe kwa waandishi.

Watafiti wa magonjwa ya viungo