Utawala wa walowezi Rhodesia haukuanza 1965

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Novemba 11, magazeti yetu hukumbuka tangazo la mwaka 1965 ambalo kwalo Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (sasa Zimbabwe), alijitwalia uhuru bila idhini ya Uingereza, na karibu kila makala husema yale yale: kwamba siku hiyo walowezi wa Rhodesia waliupora utawala na kuanzisha serikali ya wachache. Naomba nafasi nisahihishe. Siku hiyo Smith alikata kamba iliyowafunga na London, basi. Serikali ya wachache ilikuwa na umri wa miaka 42, tangu walowezi walipopewa kujitawala kwa mambo ya ndani mwaka 1923, na mtambo ulioiendesha ulianza kuundwa mwaka 1898. Mtambo huo ni daftari la wapiga kura. Anayezisoma sheria zake kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: hadi katiba ya 1969, sifa za kuandikishwa hazikutaja rangi ya mtu.

Zifuate sifa hizo kwa miaka. Mwaka 1898, chini ya kampuni ya Cecil Rhodes iliyoitawala nchi hiyo wakati huo, mwombaji alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 50 kwa mwaka au mali ya pauni 75, na aweze kuandika jina, anwani na kazi yake. Mwaka 1912 kiwango kikawa pauni 100 za kipato au 150 za mali, pamoja na imla ya maneno 50 ya Kiingereza. Mwaka 1951 kikapanda hadi pauni 240 au mali ya 500. Mwaka 1957 sifa ya juu ikafika pauni 720 za kipato au mali ya 1,500. Ni sawa na kumwambia mtu apande mnazi huku wewe unaurefusha.

Ngazi hiyo isingetosha peke yake. Watu husoma, hufanya kazi, huweka akiba, na baada ya kizazi kimoja wangekuwa wengi juu ya mnazi. Kilichowazuia kimeandikwa katika sheria nyingine ambazo kwa macho hazihusiani na uchaguzi, na ndizo ambazo makala zetu haziziunganishi na kura.

Tuanze na mali. Tangu mwanzo sheria ya kura ilisema ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kwa mila haihesabiwi. Mkulima mwenye ng'ombe 40 na mashamba ya ukoo katika rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, mbele ya msajili alikuwa hana kitu. Basi na anunue shamba lenye hati? Sheria ya kugawa ardhi ya 1930 iliwatengea Wazungu ekari kama milioni 49, zaidi kidogo ya nusu ya nchi. Rizavu zilibaki na ekari milioni 21, na maeneo ambako Mwafrika aliruhusiwa kununua yalikuwa ekari milioni 7 na nusu hivi, mengi yakiwa mbali na reli na masoko. Anunue nyumba mjini? Miji yote ilihesabiwa kuwa ndani ya eneo la Wazungu. Karani wa Salisbury (sasa Harare) au Bulawayo aliishi katika chumba cha manispaa au cha mwajiri, akilipa kodi ya pango miaka 30 bila kumiliki hata tofali. Kwa hiyo sheria ya kura ilimwambia alete mali, na sheria ya ardhi ikamkataza kuwa nayo.

Kipato nacho kilikuwa na kufuli yake. Sheria ya usuluhishi viwandani ya 1934 ilitafsiri neno "mwajiriwa" kwa namna iliyowaacha Waafrika nje. Asiye mwajiriwa kisheria hawezi kukaa kwenye meza ya mapatano ya mshahara, na mlango wa kujifunza ufundi wenye cheti ukawa mikononi mwa vyama vya mafundi wa Kizungu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 mshahara wa wastani wa Mwafrika ulikuwa chini ya pauni 150 kwa mwaka, wakati wa Mzungu ulizidi 1,000. Ilipodaiwa pauni 720, kila mmoja pale bungeni alijua anazungumzia nani.

Elimu ilipunguza kiwango, ni kweli. Mwenye miaka minne ya sekondari aliandikishwa kwa kipato cha pauni 300. Lakini shule ya kwanza ya sekondari ya serikali kwa Waafrika, ile ya Goromonzi, ilifunguliwa mwaka 1946. Hesabu mwenyewe ni wangapi wangekuwa wamemaliza, wakapata kazi na kufikisha pauni 300 ifikapo 1957. Mwaka 1953 Waafrika waliokuwa katika daftari hawakufika 500.

Wapo wanaosema Garfield Todd, waziri mkuu wa 1953 hadi 1958, alitaka kufungua mlango. Alitaka, kidogo. Sheria ya 1957 iliruhusu "wapiga kura maalumu" wa kipato cha chini, ila ikaweka kwamba wakifika asilimia 20 ya wapiga kura wa kawaida, uandikishaji wao unafungwa. Hata hilo liliwatisha wenzake. Mwanzoni mwa 1958 baraza lake la mawaziri lilimwasi na akaondoka madarakani.

Katiba ya 1961 ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayohitaji kusomwa polepole. Bunge lilikuwa na viti 65: majimbo 50 na wilaya 15. Daftari lilikuwa la ngazi mbili: A, lililotawala viti vya majimbo, na B, lililotawala vya wilaya. Katika A kulibaki vile viwango vya pauni 720, au 480 kwa aliyemaliza shule ya msingi, au 300 kwa mwenye sekondari ya miaka minne. Katika B mtu aliingia kwa kipato cha pauni 240, au chini ya hapo kama alikuwa na elimu au umri mkubwa. Wote waliruhusiwa kupiga kura mara mbili, jimboni na wilayani. Hapo watetezi wa katiba hiyo husimama na kutabasamu. Wangeendelea kusoma wangekuta kifungu cha asilimia 25: jimboni, kura za B zikizidi robo ya kura za A, zinapunguzwa thamani hadi zilingane na robo.

Chukua mfano wa jimbo ambalo wapiga kura 1,600 wa A na 1,200 wa B wamefika kituoni. Robo ya 1,600 ni 400. Zile kura 1,200 zinahesabiwa kama 400, yaani watu watatu wa B wanakuwa na kura moja. Wakija 2,400, inakuwa watu sita kwa kura moja. Kadiri walivyohamasika ndivyo kila mmoja wao alivyopungua. Kanuni hiyo ilifanya kazi pia upande wa pili, kwenye wilaya, lakini huko palikuwa na viti 15 tu.

Hapa nataka kuwajibu wanaosema wazalendo wa Kiafrika wa chama cha NDP, na baadaye ZAPU, walikosea kususia uandikishaji. Tuseme wangeandikisha kila mtu mwenye sifa na kutwaa viti vyote 15. Marekebisho ya kawaida ya katiba yalihitaji theluthi mbili ya bunge, yaani kura 44. Upande wa A ulikuwa na 50. Kwa viti hivyo 15 wasingeweza hata kuzuia. Na kwa malipo ya katiba hii, London iliachia karibu mamlaka yote iliyokuwa nayo tangu 1923 ya kukataa sheria zinazowabagua wenyeji. Mamlaka hayo, kwa takriban miaka 40, hayakuwahi kutumika rasmi kuzuia sheria hata moja. Waingereza walikabidhi ufunguo ambao hawakuwahi kuuingiza kwenye kitasa.

Matokeo yanajulikana. Desemba 1962 chama cha Rhodesian Front, ambacho Smith alikuja kukiongoza, kilipata viti 35, vyote vya A, dhidi ya 29 vya chama cha Edgar Whitehead aliyekuwa ameahidi kuifuta sheria ya ardhi. Mei 1965 Rhodesian Front kikachukua viti vyote 50 vya A. Wakati huo daftari A lilikuwa na Wazungu kama 90,000 na Waafrika 2,000 na kitu, katika nchi ya Waafrika zaidi ya milioni nne. Novemba Smith akatangaza. Kwa upande wa nguvu za ndani, hakuwa na cha kupora.

Sisemi bunduki haikuwepo. Sheria ya "kulinda amani na utulivu" ya 1960 ilikuwa kali kiasi kwamba Jaji Mkuu Robert Tredgold alijiuzulu kuipinga. Lakini risasi na jela zilikuja kulinda daftari, hazikuchukua nafasi yake.

Katiba ya 1969 ndiyo iliyoandika rangi waziwazi, na ajabu ni kwamba iliandika pia ahadi ya usawa. Bunge lilikuwa na viti 66: 50 vya Wazungu, Waasia na machotara, na 16 vya Waafrika. Kati ya hivyo 16, nane vilichaguliwa na machifu, wakuu wa vijiji na madiwani, watu waliolipwa au kutambuliwa na serikali. Viligawanywa pia nusu kwa nusu kati ya Mashonaland na Matabeleland, ingawa Washona walikuwa wengi mara kadhaa kuliko Wandebele. Hilo halikuwa bahati mbaya ya kuchora ramani. Ahadi ilikuwa hii: mchango wa Waafrika katika kodi ya mapato ukizidi 16 kwa 66 ya kodi hiyo yote, yaani asilimia 24 na ushei, viti vyao vitaongezwa viwili viwili hadi wafike 50 kwa 50. Hapo ndipo ukomo. Kupita nusu hakukuwemo. Wakati huo mchango wao haukufika asilimia 1. Kodi ya kichwa, ambayo wanaume wa Kiafrika walianza kuilipa pauni nzima tangu 1904, haikuhesabiwa. Ilihesabiwa kodi ya mapato peke yake, ambayo mishahara ile niliyoitaja haikuifikia.

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kwamba mchezo wa namna hii ulijaribiwa hata kwetu. Tanganyika mwaka 1958 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asipofanya hivyo kura yake inaharibika. TANU kilikutana hapa Tabora Januari mwaka huo, kikabishana mpaka karibu kigawanyike, kikaamua kuingia. Kikashinda kwa kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nacho. Kwa nini Rhodesia njia hiyo haikuwepo? Kwetu kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150, na elimu au wadhifa viliweza kutosha badala yake, hivyo Waafrika wenye sifa waliweza kuamua mshindi wa kiti cha Mzungu. Tena kiwango kiliwekwa na gavana na kingeweza kuondolewa na London. Rhodesia kiwango kiliwekwa na wale wale waliofaidika nacho. Kenya walipewa kura za uzito tofauti mwaka 1957, mtu mmoja hadi kura tatu, lakini nako neno la mwisho lilikuwa la London.

Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipovunja uhusiano na Uingereza Desemba 15, 1965, na Tanzania ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, hoja haikuwa tangazo la Smith peke yake. Dai lilikuwa kwamba pasiwe na uhuru kabla ya utawala wa walio wengi, maana Rhodesia ingeweza kupewa uhuru halali kabisa, wenye saini ya Malkia, na daftari likabaki lile lile.

Hata mwisho ulikuwa wa hesabu. Katiba ya 1979 iliyomweka Askofu Abel Muzorewa madarakani iliwapa Waafrika viti 72 kati ya 100. Vifungu vikuu vilihitaji kura 78 kubadilishwa. Waafrika wote 72 wangekubaliana, na bado wangehitaji Wazungu sita. Mapatano ya uhuru ya Lancaster House, London, yaliyosainiwa Desemba mwaka huo yakashusha viti vya Wazungu hadi 20, na chama cha Smith kikavizoa vyote uchaguzi wa Februari 1980. Vilifutwa mwaka 1987, miaka saba baada ya bendera kupandishwa.

Ombi langu ni dogo. Novemba hii, mkiandika 1965, wekeni pembeni yake 1898, 1930 na 1969, na mchapishe vile viwango vya pauni katika kisanduku kidogo. Nafasi haitazidi tangazo moja la kifo.

Msomaji wenu,
Tabora