Mtazameni mtoto kabla ya kumtahiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme na wazazi wenzangu, na hasa na wale wanaoshika mkasi. Likizo ya Desemba inabisha hodi. Huku kwetu Muheza huo ndio msimu wa kutahiri, na wengine hawangoji hata likizo: mtoto wa siku saba anatahiriwa siku ya akika yake. Sina neno na tohara, ni dini yetu. Ombi langu ni kwamba mtoto atazamwe kwanza, na ikionekana tundu la mkojo haliko kwenye ncha, asiguswe govi na mtu yeyote mpaka aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo.

Madaktari hali hiyo wanaiita haipospadiasi. Tundu la mkojo linakuwa upande wa chini wa uume. Kwa watoto wengi liko karibu na kichwa, kwa wengine katikati, na kwa wachache liko chini kabisa kwenye mfuko wa korodani. Si jambo la nadra kama watu wanavyodhani. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja katika kila wavulana 250 hadi 300, kwa hiyo hospitali ya wilaya wanakojifungulia akina mama wengi haimalizi mwaka bila kumpokea mmoja au zaidi. Mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume hujifunga akiwa bado tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitatu hivi, na kwa watoto hawa haukufunga mpaka mwisho. Hakuna aliyemroga, wala mama hana kosa.

Kinachowaponza ni sura ya lile govi. Mara nyingi juu limejaa na chini halipo, kichwa kiko wazi nusu. Mwanangu alizaliwa hivyo, na mama mkwe alipomwona alifurahi: "Mwanangu, huyu kaja na tohara yake, bado kumalizia tu." Tukampeleka zahanati akamaliziwe.

Nesi tuliyemkuta ndiye aliyemwokoa. Alimsogeza dirishani penye mwanga, akamtazama juu na chini, akasubiri akojoe. Mkojo haukwenda mbele, ulimwagika chini ukalowesha mapaja. Akaurudisha mkasi kwenye sinia, akaniambia, "Mama, huyu simkati. Hili govi lina kazi." Akaandika rufaa pale pale, na kwa kalamu nyekundu akaandika kwenye kadi ya kliniki: ASITAHIRIWE.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo maelezo ya daktari kule hospitali ya rufaa niliyaelewa upesi. Govi ndicho kitambaa chake. Anachukua ngozi ile kujengea sehemu ya mrija iliyopungua, au kuweka tabaka juu ya mrija alioushona ili mshono usilalie mshono mwingine ukavuja. Akiletewa mtoto aliyekwisha kutahiriwa, kitambaa kimeshatupwa.

Nililiona hilo kitanda cha jirani. Kulikuwa na mvulana wa miaka tisa aliyetahiriwa akiwa mchanga bila mtu kumkagua. Kwa kuwa ngozi ya govi haipo tena, daktari alichukua ngozi laini ya ndani ya shavu, akaipandikiza chini ya uume, kisha ingesubiriwa miezi ikomae ndipo afanyiwe upasuaji wa pili wa kuikunja iwe mrija. Mama yake alikuwa akimlisha uji wa vuguvugu kwa kijiko kidogo, upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa kidonda. Alinieleza kwamba shuleni mtoto hukojoa kwa kuchuchumaa, na huwa anabana mpaka kengele ilie, wenzake waingie darasani, ndipo akimbilie chooni. Miaka tisa. Mtoto mwerevu, anasoma kila kibao kilichobandikwa ukutani wodini.

Umri unaopendekezwa kwa upasuaji huu ni kati ya miezi 6 na 18. Mtoto bado anavaa nepi, anapona haraka, na akikua hakumbuki. Wangu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Wazazi wanaogopa dawa ya usingizi, nami niliogopa, lakini kilichonitaabisha zaidi ni kumnyima ziwa alfajiri ile. Alirudi wodini na mpira mwembamba wa mkojo, na nesi akanionyesha namna ya kumvalisha pampasi mbili. Ile ya ndani unaitoboa mbele, unaupitisha mpira kwenye tundu, mkojo unadondokea pampasi ya nje, na kidonda kilichoko ndani kinabaki kikavu. Nawaeleza kirefu kwa sababu hapa ndipo mama anapoweza kuharibu au kuokoa kazi ya daktari. Mpira ukivutika kabla ya wakati, mshono unaweza kuachia.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba mambo yaliishia hapo. Mpira ulipokwisha kutolewa aliendelea vizuri, kisha siku moja nikaona tone linachungulia chini ya mshono. Ni fistula, tundu dogo la pembeni linalovujisha mkojo. Daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba hutokea, na kwamba kadiri tundu la kuzaliwa lilivyo chini ndivyo hatari inavyoongezeka. Akatuambia tusubiri walau miezi sita ngozi ilainike, kisha akaliziba. Leo mwanangu ana miaka minne, anasimama na kaka zake uani na mkojo unakwenda mbele.

Je, tungekosa nauli ya kurudi? Daktari yule angeandika kwamba mtoto amepona, na mtoto angeendelea kuvuja nyumbani. Wako wengi wa namna hiyo. Wengine njia ya mkojo inaziba polepole, mtoto anakamua dakika nzima, wazazi wanadhani ndivyo alivyo. Hospitali isiyojua walioruhusiwa wako wapi baada ya mwaka haiwezi kusema upasuaji wake unafanikiwa kiasi gani. Ninaomba kila mtoto apewe tarehe ya kurudi, namba ya simu ya mzazi iandikwe, na asipofika apigiwe.

Hapo nina neno pia kuhusu kambi za madaktari bingwa zinazokuja wilayani. Tunazishukuru sana. Lakini upasuaji huu usifanywe kambini kisha madaktari wakaondoka, kwa sababu mpira wenyewe hukaa karibu wiki moja au zaidi, na matatizo hujitokeza baadaye. Kambi iwaone watoto, iwaandikishe, iwapangie tarehe kwenye hospitali yenye bingwa, kama KCMC, Bugando au Muhimbili. Kwa mujibu wa sera mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure, lakini mpira wa saizi ya mtoto na zile nyuzi nyembamba tulinunua wenyewe duka la dawa, kwa bei inayomshinda mkulima wa machungwa. Navyo viwekwe kwenye bajeti.

Wakunga nao nawaomba, mtoto wa kiume akizaliwa mtazameni pale pale kabla hajavikwa nepi. Angalieni tundu liko wapi, kisha papaseni kende zote mbili. Kende ambayo haijashuka mtoto akifikisha miezi sita haingojewi tena, apelekwe kwa bingwa. Ikiwa tundu liko chini na kende hazipapasiki, ni haraka zaidi, achunguzwe kabla hajatangazwa ni jinsia gani. Na mtoto wa kiume anayekojoa kwa matone huku kibofu kimejaa asirudishwe nyumbani na dawa ya UTI, kwani njia inaweza kuwa imezibwa na vali, yaani vijingozi vilivyoota ndani ya mrija wa mkojo, na figo zinaharibika kimyakimya.

Akina baba, nanyi mseme. Mume wangu hakutaka hata ndugu zake wajue. Alipomweleza kaka yake mkubwa ndipo tukasikia kwamba kuna kijana katika ukoo anaoga peke yake tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Na kama mwanao ana hali hii na alikwisha kutahiriwa, usikae naye nyumbani kwa kuona aibu au kwa kuambiwa amechelewa. Yule wa kitanda cha jirani alikuwa na miaka tisa na alipokewa. Chukua kadi yake ya kliniki, nenda hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwa jina: daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, au wa njia ya mkojo.

Mama na fundi cherehani,
Muheza, Tanga