Mwanangu, paka hiyo krimu moja tu, mengine yote weka pembeni

Mama yangu, marahaba. Ile picha uliyonitumia juzi nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji, nikaona mashavu yalivyoiva na ngozi inavyobanduka pembeni ya pua, nikajua hapohapo ni mkorogo wa kujichubua, maana uso huo na mimi nimekuwa nao. Ulikuwa mdogo hukumbuki. Nilinunua mkorogo Kariakoo, kopo halina hata lebo, muuzaji kakoroga mbele yangu, wiki ya pili nang'aa kila mtu ananisifia, mwezi wa tano nikisogelea jiko la mkaa uso unawaka kama umepakwa pilipili, vishipa vyekundu vimetokeza mashavuni, na sugu za vidole zimebaki nyeusi vilevile. Mtaani wakaniita fanta koka, niliumia sana. Kwahiyo sikugombezi.

Daktari wa ngozi ndo alinielewesha. Kwenye vile vikopo mara nyingi kuna stiroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki, ambayo ni madini yenye sumu. Zebaki inapenya mpaka kwenye figo, na stiroidi inakondesha ngozi, sasa ile ngozi ya juu ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasipotee inakuwa haina nguvu tena, ndo maana hata sabuni uliyozoea inakuchoma.

Hiyo krimu niliyokutumia kwa basi haing'arishi mtu, usiitegemee kwa hilo. Haina manukato, ina glisirini ya kuvuta maji na seramidi, yaani mafuta kama yale ambayo ngozi inatengeneza yenyewe. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili tatu, ikikuwasha usiipake usoni. Ikiwa salama, nawa kwa maji ya uvuguvugu tu, usisugue, jikaushe kwa kugusagusa na kanga ile laini iliyochakaa, uso ukiwa bado na unyevunyevu chukua krimu kama punje mbili za maharage upake, asubuhi na usiku. Ndimu acha, skrabu acha, dawa ya meno acha, hata liwa ya bibi iache kwanza. Mchana usitoke bila mtandio na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, ngozi iliyokonda hailiwezi hilo jua la Dodoma.

Ila kabla hujalitupa hilo kopo lako nenda nalo hospitali, wakuone wa ngozi, kwasababu umelipaka miezi mingi na anaweza akataka uache kidogokidogo. Na nikwambie ukweli ambao mimi hakuna aliyeniambia, ukiacha mkorogo uso unazidi kwanza, unawaka, unavimba, vipele vinatoka, usiku hulali, na mimi nilirudia kopo mara mbili kwa ajili ya hiyo hali nikidhani krimu ndo inaniharibu. Kumbe ni ngozi inadai stiroidi iliyoizoea. Mara ya tatu nikavumilia, ikachukua miezi, siku moja nikapika ugali mpaka ukaiva nikagundua uso haujaniwaka hata kidogo, nikakaa chini jikoni nikalia.

Mzigo utafika kesho jioni, nauli nimeshalipa usikubali kudaiwa tena. Ukiupokea nipigie hata kama ni usiku. Na kila jumapili nitumie picha, dirishani kwenye mwanga, bila filta mama, nataka kuuona uso wako ulivyo.

Mama yako